Sauti ya Tatu ya Kete Kumi na Saba

Watu wa Isenga walitoa sauti mbili bila ubishi. Ya tatu wakaikataa.

Siku nne nilikaa kwenye ghala la zamani la tumbaku, mimi na kinasa sauti na mablanketi mawili niliyoyatundika ukutani ili chumba kisirudishe mwangwi. Kila kaya ilimtuma mtu mmoja. Sauti ya kwanza ilikuwa ya kuitika, ile inayosikika mchezaji anapoigusa kete yako. Wengi walisema "Naam" au "Nipo." Mzee wa kaya ya tisa alisema "Nani tena?" nikaiacha hivyo hivyo. Sauti ya pili ilikuwa ya kukubali kutumwa. "Haya, naenda." Sauti ya tatu ilikuwa ya kuanguka.

"Nilie vipi?" aliniuliza mama wa kaya ya nne.

"Kama umeanguka."

"Nimeanguka wapi?"

"Kwenye Ramani."

Alijifunga khanga yake upya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuondoka. "Mwanangu, mtu halii msiba wake mwenyewe. Ukijililia, unauita."

Akaondoka. Baada yake wakaja wengine thelathini na tano, na kila mmoja alisema hilo hilo kwa maneno yake.

Nilipeleka habari kwa Mihayo Kapaya, mchezaji wetu. Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa vidole virefu vyepesi, na ndiyo maana kijiji kilimchagua. Mimi alinichagua yeye, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kompyuta kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa fundi redio, na kwa kuwa siongei sana. Alisema mtu asiyeongea husikia.

"Zisipopatikana zote tatu, Ramani haifunguki," alisema. "Isipofunguka tumeshindwa. Kumi na mbili wote wanatoka kwetu."

Nililijua hilo. Kila mtu alilijua. Bwawa lilikuwa linapungua kila kiangazi, na kila kiangazi Ofisi ya Maji ilizikata kaya kumi na mbili katika bonde. Zamani karani ndiye aliyechagua, mpaka watu walipoichoma nyumba yake. Ndipo ikaletwa Ramani. Ilikuwa picha ya bonde letu lenyewe, kila nyumba mahali pake, kila kilima na kimo chake. Mwaka ule Isenga tulikuwa tumebaki kaya arobaini, basi tulikuwa na kete arobaini. Kitongo, ng'ambo ya bwawa, nao arobaini. Wachezaji wawili wanapigana kwa kete hizo mpaka zianguke kumi na mbili, za upande wowote ule. Kaya ambayo kete yake imeanguka inafungiwa bomba na kupanda lori la kaskazini. Katika waliopanda, hakuna aliyewahi kurudi kutuambia huko kaskazini kuna nini.

Miaka ya kwanza kete zote zilikuwa na sauti za kiwandani, wanaume wa lugha ngeni wakipiga kelele. Wachezaji walikuwa wakitupa watu kama mtu anayewatupia kuku mtama. Kwa hiyo ikaja kanuni mpya: mchezaji lazima awasikie watu anaowacheza. Nadhani aliyeitunga alikuwa na huruma.

Mihayo aliufikicha uso wake. "Nani Isenga hii anaweza kumlilia mtu ambaye hajafa?"

Tulijibiwa kutoka mlangoni. "Nyinyi Wanyamwezi, hata kufa mpaka mfanyiwe."

Alikuwa Leokadia Gama, mjane wa kaya ya ishirini na mbili, Mngoni pekee kijijini. Alikuwa amekuja kuchukua baiskeli yake.

"Mtani anafanya kazi gani msibani?" alituuliza. "Au mmesahau na hilo? Mlizaliwa na mzigo kichwani, hamna nafasi ya kuweka kitu kingine."

*

Tulikuwa hatujasahau. Kwetu, mtu akifa, mtani wake huja amevaa shati la marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai chakula, anamgombeza mjane kwa nini chai haina sukari. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mtani hatendi dhambi. Anapewa na kuku.

Leokadia alianguka mara thelathini na tisa mchana mmoja. Watu walijaa madirishani. Kwa kaya ya tisa alisema kwa sauti ya kukwaruza, "Nani tena? Ah, ni kifo. Kaa kwanza." Kwa kaya ya nne alipiga yowe kisha akasema, "Na khanga yangu mpya." Mama wa kaya ya nne alicheka mpaka akakaa chini. Kwa Mihayo mwenyewe alifanya mlio wa tairi linalotoa pumzi.

Kwa kaya ya kumi na saba, yaani kwetu, alimwiga mama yangu, Kalunde. Mama ana goti bovu na hulilaumu kwa kila kitu. "Goti hili," Leokadia alisema kwa uchovu ule ule wa mama, "limeniangusha tena." Mama alikuwa dirishani. Alitikisa kichwa akicheka na kusema, "Huyu mtumwa wetu tumemlea vibaya."

Ikabaki kaya ya ishirini na mbili.

"Yangu ni kazi ya Mnyamwezi," Leokadia alisema, akaninyooshea kidole mimi niliyeshika kipaza sauti. "Huyu hapa. Hajawahi kumtukana mtu tangu azaliwe. Leo atanizika."

Watu wote walinitazama. Nilihisi masikio yangu yanawaka. Nilifungua mdomo na ikatoka "aa" ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba akiwa peke yake.

Leokadia aliomba nimsikilizishe. Akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Ndivyo nitakavyokufa? Kama kifaranga aliyekanyagwa?" Akacheka. "Iache. Ndiyo mtani niliyepewa."

*

Mazoezi tulifanya ghalani kila asubuhi, Mihayo akicheza na mashine. Kabla ya sauti za Leokadia, zilipokuwepo mbili tu, vidole vyake vilikuwa vizito. Aligusa kete, ikasema "Nani tena?" naye akauondoa mkono. Siku hizo mashine ilimwangushia tisa, kumi.

Sauti za tatu zilipoingia, alibadilika. Kete ya kwanza ilipoanguka na khanga yake mpya, alicheka. Ya pili ikaanguka, akacheka tena, na kufikia siku ya tatu mikono yake ilikuwa imerudi kama zamani. Ili ushinde kwenye Ramani lazima utoe chambo. Unaitanguliza kete moja mbele ya adui, wakija kuila unawazunguka. Anayeogopa kutoa kete moja hupoteza nane. Mihayo sasa alitoa chambo bila kusita, na mashine ilipoteza tisa kwa tatu zetu.

Watu walipongezana barabarani. Tatu tu. Kitongo watapeleka tisa.

Mimi nilikaa nyuma yake na spika zangu, nikisikiliza. Nilianza kuona kosa letu, lakini sikujua nimwambie nani. Utani wa msibani huja baada ya kifo, ili walio hai waweze kukibeba. Sisi tuliuweka mbele. Tulimpa Mihayo kicheko kabla hajamuua mtu.

Na chambo chake cha kwanza, kila asubuhi, kilikuwa kete kumi na saba.

"Goti hili limeniangusha tena," mama yangu aliyekuwa si mama yangu alisema, na Mihayo alitabasamu na kuendelea.

Siku ya sita nikajikaza. "Kaka Mihayo. Kumi na saba ni lazima?"

Hakugeuka. "Nyumba yenu iko mlangoni mwa bonde. Chambo kinawekwa mlangoni."

"Na ishirini na mbili?"

"Ya Mngoni iko nyuma yenu kidogo. Inafaa, lakini siyo sana. Nikiitumia hiyo nitapoteza nne badala ya tatu." Ndipo akageuka. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kutazama skrini. "Nyamizi, mdogo wangu. Siyo mimi niliyejenga kwenu pale."

Nilitaka kusema kwamba mama hawezi kutembea mpaka kituo cha lori. Nilitaka kusema kwamba baba amezikwa nyuma ya nyumba ile. Nikasema, "Sawa."

*

Baba alipozikwa, kaka yangu alikuwa mbali, akaniomba nimrekodie siku nzima kwa simu. Sikuwahi kuifuta rekodi hiyo, wala sikuwahi kuisikiliza.

Ramani ilipaswa kukabidhiwa Ofisi ya Maji siku ya Alhamisi saa sita. Saa nne nilikuwa peke yangu ghalani. Niliiweka rekodi ile kwenye kompyuta na kutafuta mahali pale. Haikuwa kazi ngumu. Kwenye skrini sauti huonekana kama vilima, na kilima kile kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Jeneza lilikuwa linateremshwa. Mama, aliyesimama mdomo karibu na simu yangu, alikuwa amenyamaza tangu asubuhi. Kisha akasema, bila yowe, kwa sauti kavu kama mtu anayeuliza njia, "Baba Nyamizi, sasa nimebaki na nani?"

Faili la sauti haliruhusiwi kuzidi sekunde tatu. Nilikata mbele, nikakata nyuma. Ikabaki sekunde mbili na nusu.

Kuna jambo moja linalopaswa kuelezwa hapa. Sauti ya Ramani huwa ya njia moja. Ikiwa hivyo, Ramani inajua kuipunguza: kete ikianguka mbali na pale mchezaji anapotazama, husikika kwa mbali, kama mtu wa kijiji kingine. Rekodi ya simu ni ya njia mbili, ya sikio la kulia na la kushoto. Sauti ya namna hiyo Ramani haiwezi kuipunguza. Itasikika kwa ukubwa ule ule popote mchezaji alipo. Sauti zote mia moja na kumi na tisa nilizigeuza kuwa za njia moja, kwa uangalifu.

Hii sikuigeuza.

Nilikaa nikiitazama. Nilijua hesabu yenyewe. Kumi na mbili wataondoka, hiyo hakuna sauti ya kuibadilisha. Nikimtoa mama kwenye chambo, Mihayo ataweka mwingine. Mtu huyo alikuwa na jina, na nililijua jina lake, kwa kuwa ni mimi niliyemtajia Mihayo kete ishirini na mbili. Nilimkumbuka akiinamisha kichwa kusikiliza sauti yangu ndogo. Nikajiambia kwamba Leokadia ana miguu mizima, kwamba hana kaburi Isenga, mume wake alizikwa kwao Songea. Nilijiambia mengi. Yote yalikuwa ya kweli.

Nikaandika jina la faili: kete 17, sauti 3. Kompyuta ikauliza kama nataka kuifuta ile ya zamani. Nikakubali.

Saa sita karani akaja na kuifunga Ramani. Ikishafungwa, hakuna anayeweza kubadilisha kitu.

*

Ijumaa Mihayo alifanya zoezi la mwisho. Alitanguliza kumi na saba kama kawaida, kisha akaipeleka skrini upande wa bwawa kuandaa mzunguko. Alikuwa akitazama kona nyingine kabisa ya bonde.

"Baba Nyamizi, sasa nimebaki na nani?"

Ilijaa ghalani. Ilikuwa kama mama amesimama katikati yetu. Mihayo aliachia kidhibiti kikaanguka mapajani mwake. Aliacha mashine imwangushie kete tano bila kugusa kitu.

Baadaye aliuliza, "Imefungwa hivyo?"

"Ndiyo."

"Mimi nilibeba jeneza lile, Nyamizi. Nilikuwa upande wa kichwa."

Nilitazama chini. Nilisubiri anitukane. Alikiokota kidhibiti na kuanza upya, na safari hii kumi na saba aliirudisha nyuma, akaweka mbele ishirini na mbili. Ilipoanguka, ilisema "aa." Hata mimi niliyeifanya nilihitaji kukaza masikio ili niisikie.

*

Mchezo wenyewe ulichezwa Jumamosi saa nane mchana kwenye uwanja wa shule, skrini kubwa ikiwa imefungwa ukutani. Mihayo alikaa mezani peke yake. Mchezaji wa Kitongo alikuwa kijijini kwake, akitazamwa na watu wake. Leokadia alikuwa amekaa mstari wa mbele, akimsumbua Mihayo tangu hajaanza.

"Kaza mkono, fundi. Hii siyo nati ya baiskeli."

Mihayo aliinamia kidhibiti. Watu walidhani anajikusanya.

Alimtuma yeye kwanza. Kete ishirini na mbili ilitoka mbele ya wenzake, ikasema "Haya, naenda, mabwana wakubwa," kwa sauti yake ya kweli, na uwanja ukacheka. Kitongo waliifuata na kuizunguka. Ikaanguka. Watu walikuwa bado wanacheka ile ya kutumwa, sidhani kama kulikuwa na watu kumi walioisikia hiyo ya kuanguka. Leokadia aliisikia. Nilimwona akiangalia namba yake ikizimika pembeni mwa skrini.

Bado tungeweza kushinda. Chambo kilikuwa kimeliwa, Kitongo walikuwa ndani, kilichobaki ni kuwazunguka. Lakini sasa walikuwa karibu na kumi na saba. Mihayo alivuta kete mbili akaziweka kando yake. Kitongo wakasogea, akaleta nyingine mbili. Kisha nne. Ziliizunguka nyumba yetu kwenye skrini, kete nane zimesimama bila kupigana, na sehemu nyingine za bonde zilikuwa tupu. Kitongo waliiona nafasi. Waliacha mlango wakaingia kupitia upande wa bwawa.

"Khanga yangu mpya." "Nani tena? Ah, ni kifo." Tairi likatoa pumzi. Mwanzoni watu walicheka. Ilipofika ya tano hakuna aliyecheka, na sauti ziliendelea kuchekesha zenyewe.

Ikaisha. Tisa zetu, tatu za Kitongo. Kumi na saba ilikuwa imesimama.

Mzee wa kaya ya tisa aliinuka. "Mihayo. Kwa nini uliwarundika pale?"

Mihayo, ambaye kete yake mwenyewe ilikuwa imeanguka, aliifungua orodha ya sauti kwenye skrini, akaenda kwenye kumi na saba, akabonyeza.

Uwanja mzima uliisikia. Kila mtu pale alikuwa kwenye mazishi yale.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, goti lake limenyooka mbele. Hakulia. Aliuliza polepole, kana kwamba tuko wawili tu, "Hiyo ulinichukua lini?"

"Siku ya baba."

"Nilisema mengi siku ile."

"Wanaruhusu sekunde tatu tu, mama."

Alitingisha kichwa, kama mtu anayeelezwa bei ya kitu asichokusudia kununua. Tulirudi nyumbani akiwa ameniegemea, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwegemea. Bomba letu lilikuwa linatoa maji. Nilimkingia ndoo, nikamletea kikombe. Alikisogeza kando.

"Hayo kunywa wewe," alisema.

*

Lori lilikuja Jumatatu asubuhi. Kaya tisa zilipakia magodoro, masufuria, kuku waliofungwa miguu. Mzee wa kaya ya tisa alipandishwa na watu wawili. Mihayo alipakia baiskeli zake mwenyewe na hakutaka msaada.

Leokadia alikuwa amekaa juu ya godoro lake nyuma kabisa, na Wanyamwezi wamejaa chini yake wakimtukana. Ndivyo mtani anavyosindikizwa. Huwezi kumwacha aondoke na maneno mazuri kama mgeni.

"Afadhali unaondoka, chakula kitapata nafuu," mmoja alisema.

"Nyie bakini mpakie," alijibu. "Kupakia ndiko mlikoumbiwa." Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa hayafuti.

Nilikuwa nimesimama mbali, karibu na ukuta wa ghala. Usiku kucha nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Kati ya watani hakuna tusi linalokataliwa. Ukimtukana akakurudishia, basi mambo yenu yamekwisha, hata kama kulikuwa na damu. Nilisukuma watu nikafika mpaka kwenye lori, nikasema kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo:

"Nenda zako, Mngoni. Mlikuja mkikimbia kutoka kusini, na leo bado mnakimbia. Hata ngao umesahau."

Watu waligeuka kunitazama. Walikuwa hawajawahi kunisikia. Lilikuwa tusi zuri. Kama lingetoka kwa mtu mwingine wangelipigia makofi.

Leokadia alinitazama kutoka juu. Alifuta uso wake kwa ncha ya khanga, akakaa vizuri, kama mtu aliyefikiwa na mgeni.

"Asante, binti," alisema. "Ubaki salama. Nisalimie mama yako, mwambie Mungu amjalie nafuu ya goti."

Kisha akawageukia wale wengine. "Enhe," aliwaambia, "nani pale alikuwa ananiita mtumwa?"